Mistari Ishirini na Miwili ya Arlys Brekke

Sehemu ya Saba

Waliohudhuria: Dk. LaVonne Ostby, daktari wa meno mstaafu, mwenyekiti wa Chama cha Wahitimu wa Chuo cha Skogen. Mchungaji Gaylord Nyhus, wa darasa la 1969, aliyekuja kufungua kikao kwa sala na kubaki kwa ajili ya keki. Duane Kjelstad, katibu wa darasa la 1973. Arlys Brekke, katibu wa darasa la 1974. Waliotoa udhuru: hakuna. Aliyefika bila kutarajiwa: mmoja.

Huyo mmoja ndiye tuliyemwacha mlangoni wiki iliyopita, theluji ya kwanza ya Oktoba ikimyeyukia mabegani, mfuko wa karatasi mkononi, akiwa ametamka maneno manne tu.

"Mimi ni Orrin Haugdahl."

Na Arlys akamwaga kahawa.

Wanaotufuata tangu mwanzo wanajua kwa nini. Kwa mgeni aliyeokota gazeti hili leo, tueleze kwa utaratibu. Kila mwaka katibu wa kila darasa hupeleka kwenye jarida la chuo habari za wenzake: nani kastaafu, nani kapata mjukuu, nani kawekewa goti jipya, nani kafariki. Chuo hakina njia nyingine ya kujua. Alichoandika katibu ndicho kilichotokea. Darasa lenye majina mengi zaidi yenye habari hukabidhiwa birika la shaba, nalo hukaa kabatini mwaka mzima chini ya jina la darasa hilo. Birika lenyewe linavuja. Hilo halijawahi kumzuia mtu yeyote kulitamani.

Arlys alipokea ukatibu mwaka 2002. Alituma kadi za posta kwa wenzake wote, zikarudi zote isipokuwa ya Orrin Haugdahl. Jarida lilikuwa linakwenda mtamboni kesho yake, na darasa la 1974 lilikuwa limepungukiwa na jina moja tu kulipita darasa la 1973. Arlys aliketi mezani jikoni, akatazama bakuli la matunda, akaandika mstari mmoja: "Orrin Haugdahl anakuza aina mpya ya tufaha litakalostahimili baridi ya kaskazini."

Nani angeumia? Mwaka uliofuata kadi haikurudi tena, naye akaandika mstari wa pili. Mwaka wa nne Orrin alivuka Ziwa Superior lililoganda kwa skii, vile vibao virefu vya kutelezea theluji. Mwaka wa tisa alijenga daraja la waenda kwa miguu nchini Bolivia. Mwaka wa kumi na tano aliongoza kwaya ya wavuvi mia moja. Kufikia mwaka huu, wa ishirini na mbili, Orrin Haugdahl alikuwa mhitimu aliyefanya mengi kuliko wote waliopita Skogen, na chama kikampa Medali ya Mhitimu Mashuhuri, itakayotolewa leo saa sita kamili mchana, wakati wa chakula, mbele ya watu mia nne.

Kanuni ya nane ya chama ni fupi: katibu atakayepeleka habari ya uongo atanyang'anywa kalamu. Kalamu yenyewe ipo, ya wino, ya kijani, na Arlys huiweka mkobani hata akienda dukani kununua maziwa. Tangu mumewe Norman alipofariki, simu ya nyumbani kwake hailii ila kwa ajili ya Habari za Darasa. Wakimpokonya kalamu ile, wataikata na simu.

Sasa tuingie ndani.

"Karibu, bwana Haugdahl," alisema Dk. LaVonne, akiinuka. "Pata kahawa."

"Hapana, sihitaji."

"Kidogo tu."

"Usijisumbue, mama."

"Imeshamiminwa."

"Basi, kama imeshamiminwa."

Orrin akaketi na kikombe chake. Kila aliyekuwamo alistarehe, kwa sababu mambo yalikuwa yamekwenda yanavyopaswa. Kaskazini mwa Minnesota mtu hapokei kitu mara ya kwanza kukaribishwa, hata kama anakufa kwa kiu. Hukataa mara mbili kwa ajili ya malezi aliyopewa na mama yake. Mara ya tatu ndipo husema anachotaka. Anayepokea mara ya kwanza huulizwa kwa upole ikiwa ametoka Chicago.

Yashike hayo, msomaji. Asubuhi yote ya leo imeegemea hapo.

"Nimekuja kwa sababu ya barua yenu ya medali, ile ambayo sikuijibu," alisema Orrin. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti ya mtu asiyezungumza na watu kila siku. "Haya mliyoyataja humu sikuyafanya."

Arlys alifumba macho akasubiri dari imwangukie.

Dari haikuanguka. Dk. LaVonne alikuwa anatabasamu.

"Daraja la Bolivia?" aliuliza.

"Sijafika Bolivia. Sijafika hata Iowa hapo jirani."

"Na kwaya ya wavuvi?"

"Mimi kuimba siwezi. Kanisani waliniomba niwe nasogeza midomo tu."

Mchungaji Nyhus aliweka uma chini. Macho yake yalikuwa yameloa. "Mnasikia? Nimezika watu na kufungisha ndoa kwa miaka hamsini, sijakutana na mnyenyekevu kama huyu."

"Mchungaji, si unyenyekevu. Mimi nimeendesha gari la kusukuma theluji la wilaya kwa miaka thelathini na mmoja. Basi."

"Na bado akapata muda wa kujenga daraja," alisema Mchungaji.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza ya Orrin kukana, na haikumpunguzia sifa hata moja. Kwa kweli, ilimwongezea ya gari la theluji.

"Mimi namwamini," alisema Duane Kjelstad.

Wote wakamgeukia. Duane aliuza matrekta maisha yake yote, na alikuwa na sura ya mtu anayejua bei ya kila kitu kilichomo chumbani. Alifungua jalada nene.

"Nimeuandikia ule mji wa Bolivia. Wamenijibu. Hakuna daraja. Hakuna hata mto."

"Duane," alisema Dk. LaVonne.

"Nimewauliza walinzi wa Ziwa Superior. Mwaka ule barafu haikufika ng'ambo. Huyu bwana alivuka kwa skii juu ya nini, juu ya samaki?"

"Duane, ndugu yangu. Umelikosa birika miaka yote hii. Tunakuhurumia. Kula keki."

Kwenye sahani palikuwa na vipande vya keki ya limau alivyooka Arlys mwenyewe, na sasa kilibaki kimoja. Duane alikichukua kisu, akakata nusu, akala nusu, akaacha nusu, kwa kuwa kula kipande cha mwisho hapo ni kosa lililo karibu na wizi wa farasi.

"Sisi darasa la sabini na tatu hatuna haja ya kubuni," alisema, makombo yakimtoka. "Tuna Merle Sandvik. Anaishi porini huko juu, hana simu, hana umeme, na habari zake hazijakosekana mwaka hata mmoja. Mwaka huu amevua samaki wa kilo thelathini. Huo ndio uhitimu."

Orrin alishusha kikombe polepole. Alimtazama Duane kama dereva anavyokitazama kitu cheusi kilicho mbele barabarani katikati ya theluji.

"Merle Sandvik?"

"Huyo."

"Wa barabara ya Ziwa Pelican?"

"Huyo huyo. Unamjua?"

"Barabara yake nilikuwa nikiisafisha mimi. Hajambo?"

"Mzima kama farasi."

"Vizuri," alisema Orrin, akanywa kahawa.

Arlys aliona yamemfika shingoni. Mtu wa watu anakana asiaminiwe, na Duane ana jalada. Heri alipuke mwenyewe kabla hajalipuliwa.

"Mwenyekiti," alisema. "Ile mistari niliiandika mimi."

"Tunajua, Arlys. Na uliiandika vizuri sana."

"Nina maana niliibuni."

Dk. LaVonne alicheka, kicheko kile cha daktari wa meno anayekuambia haitauma. "Jamani, hawa wawili. Mmoja hakufanya kitu, mwingine hakuandika kitu. Darasa la sabini na nne mna unyenyekevu wa kuudhi."

"Nilisikia mwalimu wao alikuwa hivyo hivyo," alisema Mchungaji.

Mara moja. Arlys alihesabu moyoni. Ukweli ameusema mara moja.

"Haya matufaha niyaweke wapi?" aliuliza Orrin, akiinua mfuko wake.

"Jikoni," alisema Arlys haraka. "Njoo nikuonyeshe."

Hakuna aliyeshangaa. Wanadarasa wasioonana kwa miaka hamsini wana haki ya kuonyeshana jiko.

Jikoni palikuwa na trei kumi na mbili za nyama ya kusaga na viazi zikisubiri tanuri kwa ajili ya mchana. Arlys alifunga mlango akaegemea.

"Ungenijibu hata mara moja, Orrin. Kadi yenye stempu yake. Mara moja tu, mimi nisingefika Bolivia."

"Mwaka wa kwanza nilichelewa," alisema Orrin. "Nilipoijaza, jarida likawa limeshafika. Nikalisoma garini. Nikakuta nina tufaha."

"Na ukanyamaza."

"Nilicheka mpaka nikagonga sanduku la posta la mtu." Alisugua shavu. "Kisha nikawaza. Mama huyu amesema nina tufaha, na mimi sina. Nikaona aibu kukuacha uwe mwongo. Nikapanda mti."

Arlys hakuelewa mara moja.

"Ulikufa," aliendelea Orrin. "Nikapanda mwingine. Kule kwangu baridi inavunja mawe. Ilikufa kumi na minne. Wa kumi na tano ukashika."

Akatoa tufaha kwenye mfuko. Lilikuwa dogo, la rangi ya kutu, limepinda upande mmoja kama mtu aliyelala vibaya. Arlys aling'ata. Lilikuwa chachu kiasi cha kumkunja uso mzima, na baadaye, mwishoni kabisa, likawa tamu.

"Ni baya," alisema.

"Baya sana," alikubali Orrin. "Lakini linastahimili."

Walisimama kidogo, wakitafuna.

"Mwaka wa nne niliposoma kuhusu skii, nikaona hapa siwezi kukufuata," alisema Orrin. "Sikiliza, dada. Huyu mwenyekiti ataniuliza tena. Nimeshakana mara moja. Nitakana ya pili, maana nisipokana wataona sina adabu. Ya tatu nitakubali. Nitapokea medali yao, nitarudi nyumbani, nitaifungia kwenye shina la mti, na wewe utabaki na kalamu yako."

"Duane ana barua ya Bolivia."

"Duane ni wa darasa lililoshindwa. Nani atamsikiliza?"

Na huo, msomaji, ulikuwa mpango mzuri. Haukuwa na kasoro hata moja. Arlys alirudi chumbani akiwa mwepesi, mara ya kwanza tangu barua ya medali itumwe, na aliweza hata kumimina kahawa bila kuimwaga.

Kipande cha mwisho cha keki kilikuwa sasa ni robo.

"Bwana Haugdahl," alisema Dk. LaVonne, "tunakuomba tena upokee."

"Siwezi, mama. Nimeshasema sikuyafanya."

"Ya pili hiyo," alisema Mchungaji kwa kuridhika, kama anayehesabu mizunguko ya mbio.

"Basi tunakuomba kwa mara nyingine."

Orrin alitazama mikono yake. "Basi, kama mnasisitiza."

Chumba kizima kikapumua. Mchungaji alipiga makofi matatu ya kanisani, yale yasiyotoa sauti. Dk. LaVonne aliandika kitu kwenye karatasi yake na kukipigia mstari chini. Duane alilifunga jalada, uso wake ukiwa mwekundu kama matrekta aliyokuwa akiuza.

Mambo yamekwisha. Arlys ameokoka. Tungeweza kuishia hapa, na mwandishi wenu angekwenda kula mapema.

Lakini Duane Kjelstad hakuzoea kutoka dukani bila kuuza.

"Swali moja," alisema. "Kwa Arlys, si kwa mwingine. Niambie usoni, dada. Mambo haya ishirini na mawili ni ya kweli?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno moja, fupi, na lilikuwa limeshafika ulimini.

"Si ya kweli," alisema Arlys. "Niliyatunga mezani kwangu, jikoni. La kwaya nililitunga nikimsubiri fundi wa mtambo wa joto."

"Arlys, basi," alisema Dk. LaVonne, safari hii kwa ukali kidogo. "Mara moja ilitosha. Mwenzako ameshakubali, nawe kubali. Unataka tukusifu mpaka saa ngapi?"

Mara mbili.

Mtambo wa joto uliguna ukutani. Arlys aliuona mlango wa kutokea ukiwa wazi mbele yake. Amesema ukweli mara mbili, mbele ya mashahidi, mmoja wao mchungaji. Hakuna mtu wa kaskazini angeweza kumlaumu. Wasipomwamini, hilo ni lao. Anyamaze sasa, na kalamu ni yake mpaka kaburini, na simu itaendelea kulia kila Agosti.

Alitia mkono mkobani akaishika kalamu. Kando yake vidole vikagusa tufaha, jingine alilopewa na Orrin kule jikoni, alilokuwa amelitia humo asilione mtu. Miti kumi na minne imekufa kwa ajili ya mstari mmoja alioutunga kwa kutazama bakuli. Mtu mzima alichimba barafu kwa shoka mara kumi na tano ili yeye asiwe mwongo, na sasa mtu huyo huyo ameketi hapo akigeuka mwongo kwa ajili yake.

Alisimama.

"LaVonne," alisema, na kwa kuacha cheo cha mwenyekiti alifanya kila mtu ainue kichwa. "Nasema kwa mara ya tatu. Niliyabuni. Orrin Haugdahl amesukuma theluji na kupanda mti mmoja wa tufaha. Mengine yote ni yangu."

Dk. LaVonne alibaki na kalamu hewani. Mchungaji alitazama sahani. Mara ya tatu ilikuwa imesemwa, na baada ya mara ya tatu hakuna adabu tena, kuna habari tu.

"Arlys," alisema mwenyekiti hatimaye, kwa sauti ndogo. "Ulituacha tukachonga jina lake kwenye medali."

"Ndiyo."

"Pamoja na daraja. Kuna kidaraja kidogo kimechorwa nyuma."

"Ndiyo. Niliona. Ni kizuri."

"Nilisema," alisema Duane. "Andikeni kwamba nilisema."

"Kanuni ya nane," alisema Dk. LaVonne, na hakuonekana kuifurahia.

Arlys aliitoa kalamu ya kijani akaiweka mezani. Ilibingirika mpaka ikagonga sahani ya keki, ikatulia. Alitazama pembeni. Miaka ishirini na miwili ni mingi, aliwaza. Mingi kuliko miaka aliyokaa na Norman kwenye nyumba ile.

"Darasa haliwezi kukaa bila katibu, na jarida linakwenda mtamboni Jumatatu," alisema mwenyekiti. Alipitisha macho chumbani, akakosa pa kuyaweka, akayaweka kwa Orrin. Alijitayarisha kuomba mara tatu. Alikwisha kunywa funda la kahawa kwa ajili ya safari hiyo. "Bwana Haugdahl, baada ya haya yote, utakuwa tayari kuchukua ukatibu wa darasa la 1974?"

"Nitachukua," alisema Orrin.

Uma wa Mchungaji ulianguka sakafuni.

"Samahani?" alisema Dk. LaVonne.

"Nimesema nitachukua. Leteni." Akanyoosha mkono, akaichukua kalamu, na alipokuwa hapo hapo akachukua na kile kipande cha mwisho cha keki, chote, akakitia mdomoni.

Hakuna aliyejua atazame wapi.

Orrin alitafuna mpaka akamaliza. Kisha alichomoa mfukoni mwa koti rundo la kadi za posta lililofungwa kwa mpira, akavuta moja tupu, akamsogezea Arlys.

"Kazi ya kwanza. Nimesoma majarida yote. Kila mwaka kuna jina moja la darasa letu ambalo halina kitu mbele yake. La kwako. Habari zako, Arlys?"

"Hakuna la maana."

"Habari zako?"

"Mimi? Nipo tu."

Orrin hakuuliza mara ya tatu. Aliiacha kadi mbele yake, na kalamu juu yake, kifuniko kikiwa kimeshafunguliwa.

"Haya yatosha," alisema Duane, akiinuka. "Hesabu ni rahisi. Kila mwaka darasa la sabini na nne lilitupita kwa jina moja, na jina lenyewe ni la huyu bwana. Lifuteni, tunafungana, na kwa sare birika ni la darasa lililotangulia: lilikuwa letu miaka yote hiyo. Mwenyekiti, funguo za kabati."

Dk. LaVonne alitia mkono mfukoni kutafuta funguo. Hakuwa na namna.

"Ngojeni kidogo," alisema Orrin. Alikuwa akichambua rundo la kadi. "Hizi ndizo kadi alizonitumia Arlys. Nilizijaza zote isipokuwa hiyo ya mwaka huu. Sikuzituma, nilikuwa naogopa kumharibia. Kila mwaka nimeandika nilichofanya kweli. Nyingi zinasema theluji." Akavuta moja. "Kwa kuwa bwana Kjelstad anapenda ukweli, mwenyekiti asome hii. Ya 2009."

Dk. LaVonne alivaa miwani akasoma kimya. Alisoma mara ya pili. Akampa Mchungaji, naye Mchungaji akaisoma kwa sauti, kwa kuwa hajui kusoma namna nyingine.

"'Februari 2009. Nimesafisha njia ya makaburi ya Ziwa Pelican, sentimita sitini za theluji. Tumemzika Merle Sandvik. Tulikuwa watano: mimi ndani ya gari la theluji, mchimba kaburi, mchungaji wa huko, dada yake Merle, na Duane Kjelstad, aliyeshika jeneza upande wa kushoto.'"

Duane aliketi. Hakuchagua kiti, kilikuwapo tu, kwa bahati yake.

"Kilo thelathini," alisema Arlys polepole.

"Kuna makosa ya tarehe," alisema Duane.

"Na mwaka juzi ulisema amejifunza kupiga fidla," alisema Mchungaji.

"Kuna Merle wengi huko juu."

Dk. LaVonne alitazama saa ya ukutani. Saa tano na dakika ishirini. Ghorofa ya juu viti vilikuwa vimeanza kuburutwa. Wahitimu mia nne walikuwa wanaingia, wakikataa viti vya mbele kwa mara ya kwanza. Alivua miwani, akasimama, na sauti yake sasa ilikuwa ile ya kabla ya ganzi.

"Niandike uamuzi, au mtaukumbuka?"

"Tutaukumbuka," alisema Mchungaji.

"Vema. Medali haina mwenyewe mpaka nitakaposema vingine. Arlys Brekke si katibu tena. Orrin Haugdahl ndiye katibu, ingawa amepokea kwa namna ambayo sitaisimulia nyumbani. Matufaha yatagawiwa mezani, na atakayeyatema ateme kwa heshima. Kadi ya 2009 itasomwa saa sita kamili, kabla ya sala, na ataisoma Arlys, kwa sababu ndiye peke yake humu aliyekwisha kusema ukweli mara tatu."

Akageuka.

"Na wewe, Duane. Meza ya darasa la 1973 ina kadi ya jina la Merle Sandvik, uliiomba mwenyewe. Kiti chake kitakuwa kando yako, wazi, na chakula chake kimepakuliwa. Una dakika arobaini za kumleta."